Kimeng'enya cha Ini Ndani ya Bakteria

Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu iliyoanza kutumika mwaka 1952, hubadilishwa ndani ya ini na kimeng'enya kiitwacho NAT2 kabla ya kutolewa mwilini. Kasi ya kimeng'enya hicho hurithiwa. Kikiwa cha polepole, dawa hulimbikizana na huweza kudhuru neva, mgonjwa akahisi ganzi au miguu kuwaka moto.

Ili kuchunguza tofauti hizo bila kuhitaji ini la mtu, watafiti hupandikiza jeni ya binadamu katika bakteria, nao huzalisha kimeng'enya kwa wingi. Kila aina hupimwa peke yake.

Hata hivyo, chupa ya maabara si mwili. Mgonjwa ahisiye ganzi asiache dawa, bali amweleze daktari mapema. Vitamini B6 huikinga neva.