Jino Lisilotakiwa Kusogea

Kwenye maduara ya wachimbaji wadogo wa Lwamgasa na Nyarugusu, mkoani Geita, kiroba cha mawe hupandishwa kwa kamba inayozungushwa kwenye gogo. Kamba inapovuta mawe juu, mawe nayo yanalivuta gogo chini kwa nguvu ile ile. Gogo likikazwa vizuri, kiroba kinapanda. Likilegea, gogo ndilo linaloelekea shimoni. Isaac Newton aliichapisha kanuni hiyo mwaka 1687, na daktari anayepanga meno hupambana nayo kila siku akiwa na shida moja ya ziada: mdomoni hakuna ardhi ya kukazia gogo. Karibu kila anachokishika nacho kinasogea.

Tuseme yupo kijana ambaye meno yake ya mbele, ya juu na ya chini, yametokeza kiasi kwamba midomo haikutani mpaka aikaze. Umbo hilo ni la kawaida kwa Waafrika wengi na wala si ugonjwa. Mwenye kuridhika na meno yake aachwe nayo. Anayetaka yarudi nyuma, njia iliyozoeleka ni kung'oa gego dogo la kwanza, lile linalofuata chonge, kila upande, juu na chini. Kila pengo linakuwa na upana wa kama milimita 7. Kuliziba si kazi ngumu, kwani waya na mpira vitaliziba tu. Ugumu uko katika kuamua litazibwa kutoka upande gani.

Meno sita ya mbele yakirudi nyuma kwa milimita zote 7, midomo inatulia na sura inabadilika. Magego ya nyuma yakija mbele kwa milimita 4, meno ya mbele yanabakiwa na 3 tu. Kwa jicho la mzazi kazi imekwisha, maana pengo halionekani tena, lakini midomo iko karibu pale pale ilipokuwa, na meno manne yaliyong'olewa hayarudi. Kwa maoni yangu hasara hii ndiyo inayouma kuliko zote katika tiba hii, kwa sababu haionekani hadi nafasi iwe imekwisha.

Jino halikuchomekwa kwenye mfupa kama msumari. Kati ya mzizi na mfupa kuna utando wa nyuzi wenye unene wa kama robo milimita. Ukilisukuma jino polepole kwa wiki kadhaa, upande unaobanwa huota seli zinazokula mfupa, na upande unaovutwa huota seli zinazojenga mfupa mpya. Carl Sandstedt wa Sweden aliyaona hayo kwenye taya za mbwa na kuyachapisha mwaka 1904. Mwendo wa jino ni wa kama milimita moja kwa mwezi. Nguvu ikizidi, damu inakatika kwenye utando, seli zinakufa, na jino linagoma kwa muda. Hapo ndipo egemeo, yaani gogo la mdomoni, linapopotea: daktari mwenye haraka anavuta kwa nguvu, meno ya mbele yanagoma, na gego lenye mizizi mitatu, ambalo kwa ukubwa wake limepata mgandamizo wa kiasi tu, linaanza kutembea.

Raymond Begg wa Australia aliijenga mbinu yake juu ya jambo hilo hilo. Alitumia waya mwembamba wa chuma cha pua uliotengenezwa na mtaalamu wa metali Arthur Wilcock, akavuta kwa nguvu ndogo inayotosha kulaza meno ya mbele bila kuyaamsha magego.

Kabla ya chuma hicho, metali ya kazi hii ilikuwa dhahabu. Edward Angle wa Marekani, aliyetangaza mwaka 1928 braketi yenye mfereji wa pembe nne ambayo bado ndiyo msingi wa bresi za leo, alitumia waya za mchanganyiko wa dhahabu. Mgodi wa zamani wa Geita ulichimba kuanzia 1936 hadi 1966, na ni katika miongo hiyo hiyo ambapo chuma cha pua kiliifukuza dhahabu mdomoni. Sisemi kwamba dhahabu ya Geita ilifika kwenye meno ya mtu.

Kuyazuia magego kumejaribiwa kwa namna nyingi. Ya kwanza kufikirika ni kuyaongezea wenzake: gego la pili linafungwa pamoja na la kwanza ili mizizi mingi ivute michache. Wengine huvuta chonge kwanza, kisha meno manne yaliyobaki, wakiamini mzigo uliogawanywa ni mwepesi. Majaribio yaliyolinganisha njia hiyo na kuvuta yote sita kwa pamoja hayakuonyesha faida kubwa, ila muda unaongezeka. Hays Nance, mwaka 1947, alieleza waya unaounganisha magego ya juu na kupumzika kwenye kaakaa kwa kitufe cha akriliki. Halafu kuna mkanda wa kichwani, wenye pinde za chuma zinazotoka mdomoni na kufungwa kisogoni au shingoni. Huo una egemeo nje ya kinywa kabisa, lakini lazima uvaliwe kama saa 12 hadi 14 kwa siku, na ukichomoka vibaya unaweza kujeruhi jicho. Mwanafunzi wa sekondari anayeuvaa kwa hiari kila usiku kwa mwaka mzima ni wa kutafutwa kwa tochi.

Wazo la kukazia nguvu kwenye mfupa wenyewe nalo si jipya. Gainsforth na Higley walilijaribu kwa mbwa mwaka 1945, na skrubu zao zikalegea ndani ya mwezi mmoja hivi. Baadaye Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alionyesha kwamba mfupa hushikamana na titaniamu. Mgonjwa wake wa kwanza alitibiwa mwaka 1965. Mwaka 1983 Creekmore na Eklund walitumia skrubu ya metali chini ya pua kupandisha meno ya mbele ya juu, na mwaka 1997 Ryuzo Kanomi wa Japani akaeleza skrubu ndogo zilizotengenezwa kwa kazi hii. Skrubu za leo zina unene wa milimita 1.2 hadi 2 na urefu wa milimita 6 hadi 12. Huingizwa kwa ganzi kidogo katikati ya mizizi, na hutolewa kwa kuzungushwa tu.

Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2014 yalikuta kwamba egemeo la kwenye mfupa huokoa wastani wa karibu milimita 1.7 za kusogea kwa magego kuliko njia za kawaida. Katika pengo la milimita 7 hicho si kiasi kidogo. Hata hivyo jaribio moja la Uingereza la mwaka huo huo, lenye wagonjwa 78, halikuona tofauti ya maana kati ya skrubu, kitufe cha Nance na mkanda wa kichwani; wagonjwa ndio waliozipendelea skrubu. Tena skrubu moja kati ya saba au nane hivi hulegea kabla ya kazi kwisha.

Huku Shinyanga na Geita mambo mawili huongezeka mezani kabla ya kuamua. Maji ya visima vya sehemu nyingi za Shinyanga yana floraidi juu ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na bomba la Ziwa Victoria halijafika kila kijiji. Meno yaliyokua kwa maji hayo hupata madoa ya kahawia, na gamba lake la nje huwa gumu kwa asidi inayotayarisha jino kupokea gundi. Braketi hubanduka upesi, na kila ikibanduka mpango wa kuvuta unasimama.

Jambo la pili ni chonge. Imani ya meno ya plastiki, ambayo imewafanya watoto wachanga wenye homa na kuhara kung'olewa vichipukizi vya meno, imeacha vijana wasio na chonge za kudumu au wenye chonge zilizoharibika. Chonge ndiyo yenye mzizi mrefu kuliko meno yote. Ikikosekana, hesabu nzima ya nani amvute nani inaanza upya, na kung'oa magego madogo huenda kusiwe na maana tena.

Halafu kuna safari. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa karibu kilomita 3, lilifunguliwa mwaka 2025 na kuwaondolea watu wa Geita foleni ya kivuko cha kwenda Mwanza, lakini nauli na siku ya kazi bado zinahesabiwa. Mpira wa kuvutia meno hupoteza takriban nusu ya nguvu yake ndani ya siku ya kwanza, na asiyerudi kwa miezi mitatu hukuta jino limesimama. Springi ya nikeli na titaniamu hushika nguvu karibu ile ile kwa miezi. Inafaa kwa anayetoka mbali, ila isifungwe kwenye gego lisilo na ulinzi: nayo itaendelea kulivuta miezi yote hiyo bila mtu wa kuiangalia.