Mifupa inapodhoofishwa na ugonjwa mwingine

Mtu anapojikwaa mlangoni na kuvunjika mkono au nyonga, mara nyingi tunasema ni bahati mbaya, au ni uzee tu. Lakini mfupa wenye afya kwa kawaida hauvunjiki kwa kuanguka kidogo hivyo. Ukivunjika, tujiulize: ni nini kiliudhoofisha?

Mfupa ni kitu hai. Kila siku mwili huondoa sehemu ndogo za mfupa wa zamani na kujenga mpya. Baadhi ya magonjwa na dawa huvuruga kazi hiyo. Mifupa hudhoofika polepole bila maumivu, na mara nyingi dalili ya kwanza ni kuvunjika.

Nani yuko hatarini?

• Wanaomeza prednisoloni kila siku kwa miezi 3 au zaidi, kwa mfano kwa ajili ya baridi yabisi au pumu kali. Mifupa hudhoofika haraka zaidi katika miezi ya kwanza.

• Wenye kifafa wanaotumia fenobabitoni au fenitoini kwa miaka mingi. Dawa hizi huufanya mwili upoteze vitamini D, ambayo husaidia kupokea madini ya kalsiamu kutoka kwenye chakula.

• Wanaoishi na VVU. Virusi vyenyewe hudhoofisha mifupa. Dawa ya tenofoviri (TDF) nayo huipunguza kidogo, hasa katika mwaka wa kwanza.

• Wenye kisukari, ugonjwa sugu wa figo, au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi.

• Waliolala kitandani muda mrefu, kwa mfano baada ya kiharusi.

Usiache dawa zako!

Hatuandiki haya ili mtu atupe dawa. Kifafa kisichotibiwa huweza kumwangusha mtu motoni au majini. Dawa za VVU hulinda uhai. Anayeacha ghafla prednisoloni aliyoitumia muda mrefu anaweza kufa, kwa sababu mwili wake umezoea kutotengeneza homoni ya namna hiyo.

Badala yake, mwulize mhudumu wa afya:

• Je, dozi yangu inaweza kupunguzwa polepole?
• Je, pumu yangu inaweza kutibiwa kwa dawa ya kuvuta?
• Je, nahitaji vidonge vya kalsiamu na vitamini D?

Tufanye nini nyumbani?

• Tule dagaa pamoja na mifupa yake, maziwa, na sukuma wiki.
• Tutembee kila siku kadiri ya nguvu zetu, na tupate jua.
• Tuache sigara na pombe.
• Tuondoe vitu vya kujikwaa njiani, tuweke taa usiku, na kishikio imara chooni.

Jadilianeni katika kikundi chenu

Ni nani kati ya majirani zetu anatumia dawa hizi kwa muda mrefu? Tukimtembelea, tunaweza kurekebisha nini nyumbani kwake kabla hajaanguka?