Mwani wa Makunduchi na Adui wa Mwilini Mwake

Siku za bamvua, bahari ya Makunduchi inapokupwa hadi karibu na mwamba, wakulima wa mwani, ambao aghalabu ni wanawake, huteremka pwani kuzitazama kamba walizozifungia mbegu zao. Na katika miezi ya kaskazi, jua likiwa kali na maji haba yaliyosalia yakiwa yamepata moto, mara nyingine mkulima huinua kamba akakuta tawi lililokuwa na rangi yake nzuri limefanya pete nyeupe katikati, na pahala pale penye weupe pamekuwa laini, hata likiguswa hukatika na sehemu ya nje ikachukuliwa na mkondo. Maradhi hayo huitwa aisi-aisi, nayo ni miongoni mwa sababu zilizoufanya mwani wa kotonii, wenye bei bora kuliko aina nyingine ilimwayo, spinosum, kuadimika katika pwani ya mashariki ya Unguja tangu mwanzoni mwa karne hii.

Aonaye hali hiyo hudhani kwamba kuna kidudu kigeni kilichoingia baharini. Ilhali hakika yake ni nyingine. Mwaka 1995 Danilo Largo na wenzake waliwachunguza bakteria wa maradhi haya, wa makundi ya Vibrio na Cytophaga, wakaona kuwa katika matawi yaliyougua idadi ya bakteria kwa jumla ni mara 10 hadi 100 ya ile iliyomo katika matawi mazima. Lakini matawi mazima nayo hayakuwa matupu, na madhara ya wale wa maradhi yalizidi pale mwani ulipokuwa umekwisha kudhoofishwa, kwa mfano na upungufu wa chumvi katika maji.

Basi ni kitu gani kinachowazuia siku zote nyingine? Mwani hauna damu wala chembe za kuzunguka mwilini zikiwinda vijidudu, walakini haukuachwa bila ya kinga. Bakteria huyeyusha kuta za seli kwa vimeng'enya; na katika jamii ya mwani mwekundu iitwayo Gracilaria imethibitika kuwa vile vipande vidogo vya ukuta uliovunjwa ndivyo vinavyoutanabahisha mwani kuwa umeingiliwa, nao katika muda wa dakika chache hutoa haidrojeni peroksaidi, dawa ileile tunayooshea vidonda. Spinosum nao una kemikali zake: mwaka 1996 Matern Mtolera, mtaalamu wa mwani wa Zanzibar, pamoja na wenzake walieleza jinsi unavyotoa michanganyiko ya bromini na ndugu zake iendayo hewani, pale unapotaabishwa na mwanga mkali na mabadiliko ya maji. Ajabu zaidi ni Delisea pulchra wa Australia, ambao hutengeneza kemikali inayofanana na ujumbe ambao bakteria hupelekeana wanapotaka kushambulia kwa umoja, hata wakashindwa kupatana.

Bakteria wa nchi kavu wana hila za kuivunja kinga ya mmea. Ralstonia solanacearum, anayenyausha nyanya mashambani, ana kitu mfano wa sindano, ambacho kwacho huingiza ndani ya seli protini za kuunyamazisha mmea usiweze kujihami. Wa aisi-aisi mbinu yao kubwa ni subira. Joto likizidi, mwani hutumia nguvu zake kujiokoa nafsi yake, na peroksaidi ikizidi mno huziunguza hata seli zake wenyewe; na katika Delisea imeonekana kuwa joto hupunguza ile kemikali ya kinga, wakati huohuo likimtia bakteria ukali. Hapo ndipo vimeng'enya hupata nafasi, na kinacholiwa ni karajinani, ute uleule wanaoufuata wanunuzi kwa ajili ya kuzitia uzito dawa za meno na vyakula.

Kuna udhaifu mwingine unaotokana na kilimo chenyewe. Mbegu zilizoanzisha biashara hii Unguja mwaka 1989 zilitoka Ufilipino, na tangu hapo mwani hupandwa kwa kukata kipande cha mche wa zamani na kukifunga tena. Kwa hiyo shamba zima huwa karibu sawasawa kwa asili, na lisiloweza kuvumiliwa na mche mmoja haliwezi kuvumiliwa na wenziwe.

Kwa kuwa bahari hainyunyiziwi dawa, tiba haina budi kuelekezwa kwa mwani wenyewe: kuondoa matawi yenye weupe mapema, kuvuna kabla joto halijashtadi, kutafuta mbegu za asili mbalimbali, na kuhamia maji yenye kina na ubaridi, kama anavyohimiza mtafiti Flower Msuya. Hili la mwisho ndilo gumu, kwani kilimo cha maji ya kina kinataka vyombo na kujua kuogelea, na wengi wa wanaolima hawana hayo. Kwa hiyo anayetaka kotonii irudi Makunduchi, na aanze kwa kuwapatia wanawake hao mashua na mafunzo ya kuogelea, kwani bakteria wataendelea kuwapo vivyo hivyo.