Mawe ya Isimila na Fuvu la Kalenga

Msafiri atokaye mjini Iringa kuelekea Mbeya, afikapo kilometa zipatazo 20, huwa jirani na korongo la Isimila. Wengi hupita bila kusimama. Wasimamao aghalabu huvutiwa na nguzo ndefu za mchanga mgumu zilizochongwa na mvua na upepo. Nguzo hizo zinapendeza kweli, lakini utajiri wa Isimila umelala miguuni mwa mtazamaji.

Hapo kale palikuwa na ziwa dogo. Udongo ulioletwa na maji ulitua tabaka juu ya tabaka, ukafukia vyombo vilivyoachwa na watu wa Zama za Mawe za Kale: mashoka ya mkono yenye ncha, vipasuo vyenye makali mapana, na mawe ya kupondea. Ziwa likakauka, baadaye sana maji ya mvua yakaukata udongo ule na kuvifichua vyombo hivyo. Vilitambuliwa mwaka 1951, na katika miaka ya 1957 na 1958 F. Clark Howell na wenzake walichimbua mahali hapo kwa utaratibu. Miongoni mwa mifupa iliyopatikana imo ya kiboko wa aina iliyokwisha toweka duniani, ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa. Kipimo cha madini ya urani kilitoa umri wa miaka ipatayo 260,000.

Jiwe peke yake halitaji umri wake. Hutajwa na tabaka lililolihifadhi, na mfupa uliolala kando yake, na vipande vilivyobanduka lilipokuwa likichongwa. Mgeni akiokota shoka moja akalitia mkobani liwe kumbukumbu, huondoka na jiwe zuri lakini bubu. Nilipokuwa masomoni Ulaya niliyaona mawe ya namna hiyo kabatini, na kibandiko chake kilisema "Afrika Mashariki", basi.

Hasara hiyo huonekana kwa uchungu zaidi Kalenga, kilometa zipatazo 15 kutoka Iringa kwa njia ya Ruaha. Hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, iliyoangushwa na Wajerumani mwaka 1894. Mkwawa alijiua mwaka 1898, kichwa chake kikakatwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza fuvu lirudishwe. Lilirudi mwaka 1954. Gavana Edward Twining alilichagua kati ya mafuvu mengi yaliyokuwa Bremen, akitazama uwiano wa upana na urefu wake, uliolingana na vipimo vya jamaa za Mkwawa, na alama ya risasi. Uwiano huo huweza kupunguza idadi ya mafuvu, lakini hauwezi kumtaja mtu kwa jina, kwani watu wengi hulingana nao. Ndiyo maana ubishi kuhusu fuvu hilo haujaisha.

Isimila, kila masika, maji hufichua mashoka mengine, na mengine huyang'oa katika tabaka lake na kuyachukua.