Udongo wa Tumbaku Upimwe Kadimiamu

Kipimo cha kawaida cha udongo humweleza mkulima kiwango cha tindikali, naitrojeni, fosforasi na potashi. Kwa mashamba ya tumbaku ya Goweko, wilayani Uyui mkoani Tabora, hicho hakitoshi. Kadimiamu nayo ipimwe. Metali hii nzito huja na mbolea za fosfati, kwa kuwa miamba inayotengenezewa mbolea hizo huwa nayo, kidogo au nyingi kutegemea ilikochimbwa. Mmea hauihitaji, lakini huipokea kwa sababu inafanana na zinki na hupita kwenye njia zilezile za zinki na chuma. Risasi kwa sehemu kubwa huishia mizizini, ilhali kadimiamu hupanda hadi majanini. Ikizidi sana, mizizi hudumaa na majani machanga huwa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani, dalili ambayo ni rahisi kudhaniwa upungufu wa chuma. Hatari zaidi ni pale isipozidi kiasi hicho: zao hustawi, hupendeza macho, na bado limebeba sumu ya kumdhuru mlaji.

Wapo watakaosema tumbaku hailiwi. Ni kweli, na kwa kuwa ni hodari wa kukusanya kadimiamu majanini, sehemu yake huondoka na mzigo unaotoka kwenye mabani ya kukaushia. Inayobaki ndiyo inayosubiri zao linalofuata. Likiwa ni mahindi, hofu ni ndogo, maana punje huhifadhi kidogo sana. Mchicha hauko hivyo, wala karanga, ambazo watu wa Tabora wanazilima na kuziunga kwenye mboga karibu kila wiki. Australia, yenye maeneo ya udongo wa kichanga na wenye tindikali, imeshaona karanga zikivuta kadimiamu hadi ndani ya punje.

Hoja nzito zaidi ni ya kiasi: mbolea ya msimu mmoja huingiza gramu chache tu kwa hekta. Lakini metali haiozi, na kichanga cha Tabora, chenye mboji haba, hakina cha kuishikilia, hivyo hata kidogo hufika mizizini. Goweko si bonde la mto Jinzu nchini Japani, ambako maji ya mgodi yalichafua mashamba ya mpunga na walaji wakavunjika mifupa, ugonjwa ambao serikali ilikiri chanzo chake mwaka 1968. Hata hivyo, Umoja wa Ulaya haukusubiri maafa ya namna hiyo: tangu Julai 2022 mbolea za fosfati zenye alama yake haziruhusiwi kuzidi miligramu 60 za kadimiamu kwa kila kilo ya fosfati. Hakuna anayemwambia mkulima aache mbolea. Chokaa hupunguza tindikali, samadi huongeza mboji, na vyote viwili huibana kadimiamu isipande. Vyama vya msingi vya ushirika, vinavyoagiza pembejeo kwa wingi, vimdai msambazaji kiwango cha kadimiamu kwa maandishi kabla ya kutia saini.