Ganda la Yai Hujengwa kwa Pumzi

Msomaji wa Tanga ameuliza swali ambalo wafugaji wengi wa pwani wanalo rohoni: kwa nini kila ifikapo Februari mayai ya kuku wake hutoka na maganda membamba, mengine yakipasuka kiotani kabla hayajafika kwenye trei, ilhali chakula ni kilekile cha kutagia na chokaa ameiongeza mara mbili? Dukani kwa pembejeo wamemshauri aiongeze tena. Ushauri huo unaeleweka, kwa kuwa kalsiamu ndiyo inayotajwa kila mahali, lakini kwa kuku hawa umepiga kando. Chokaa wanayo ya kutosha. Wanachokosa ni hewa ukaa, ile gesi tunayoitoa puani na kuihesabu kuwa taka. Mambo ya kila siku ya ufugaji, yaani maji safi, kivuli, chanjo ya mdondo na kutowabananisha, yamo katika kila kijitabu na sitayarudia isipokuwa yanapogusa hoja. Hoja yenyewe ni hii: wakati wa joto kuku hujipoza kwa kutupa nje kitu kilekile anachohitaji kujengea ganda, na kwa hiyo dawa ya mayai ya Februari itafutwe kwanza kwenye ukuta na paa la banda.

Joto la kawaida la mwili wa kuku ni nyuzi 41 hadi 42 za Selsiasi, na likifika 46 au 47 anakufa. Nafasi aliyonayo ni finyu. Hana tezi za jasho hata moja, na karibu mwili wote umefunikwa na manyoya. Hewa ikiwa ya nyuzi 20 hivi, joto humtoka lenyewe kupitia upanga wa kichwani, ndevu, miguu na ngozi ya chini ya mabawa. Ikivuka 30, tofauti kati ya mwili wake na hewa inayomzunguka inakuwa ndogo mno, na ndipo anapogeukia njia iliyobaki: kutweta. Mtazame saa nane mchana chini ya mwarobaini. Amejichimbia mchangani mpaka kifua kimegusa udongo wa baridi, mabawa ameyaachanisha na mbavu, mdomo uko wazi na ngozi ya koo inapwita. Kutoka pumzi 25 hivi kwa dakika, sasa anazipita 150. Kila pumzi hupita juu ya utando wenye unyevu, na maji ya utando huo hugeuka mvuke. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na takriban kilojuli 2.4 za joto, zaidi ya mara tano ya joto linalotakiwa kuitoa gramu hiyohiyo kwenye nyuzi 0 hadi 100. Ni njia nzuri sana ya kujipoza, na ndiyo inayomfikisha jioni akiwa hai.

Ila pumzi hiyo haitoki na mvuke peke yake. Kuku akitweta kwa saa kadhaa hutoa hewa ukaa kwa kasi kuliko mwili unavyoitengeneza, na damu, ambayo hutegemea gesi hiyo kudumisha uwiano wa asidi, huanza kuwa ya kialkali. Figo zikijaribu kusawazisha mambo hutupa bikaboneti nje, ambayo nayo ni hewa ukaa kwa sura nyingine. Wataalamu huita hali hiyo alkalosisi ya upumuaji, jina lisilomwambia mfugaji chochote. Hapa nitaiita ukame wa hewa ukaa, na atakayepata jina bora na atuletee.

Sasa lichukue yai lenyewe. Ganda la yai la kawaida lina uzito wa gramu 5 hadi 6, na karibu lote ni kalsiamu kaboneti. Watu husikia neno la kwanza tu, kalsiamu. Ukipiga hesabu, ganda la gramu 5.5 lina kalsiamu ya gramu 2.1 hivi, na limefungia ndani yake hewa ukaa ya gramu 2.3 hivi. Yaani gesi ni nyingi kuliko kalsiamu kwa uzito! Ukiiachilia gesi hiyo huru itajaza zaidi ya lita moja. Kalsiamu mfugaji huinunua kwa kilo, lakini hewa ukaa hainunuliwi popote: kuku huitengeneza mwilini mwake kutokana na chakula anachokiunguza, na katika tezi ya ganda kimeng'enya kiitwacho kaboniki anhidrasi huiunganisha na maji kuwa bikaboneti, ambayo ndiyo hukutana na kalsiamu na kuwa ganda. Watu wa pwani wanaijua kemia hii tangu zamani, kwa njia ya kinyumenyume. Mchoma chokaa huchukua matumbawe, ambayo ni kalsiamu kaboneti kama ganda la yai, akayapanga juu ya magogo na kuyachoma mpaka hewa ukaa ikatoka yote. Kinachobaki ni chokaa. Fundi huiloweka, huipiga lipu ukutani, na ukuta, kwa muda wa miezi, huinywa tena hewa ukaa kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe. Kuta za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar ziligandishwa hivyo. Na ndiyo maana chokaa iliyolowekwa inaweza kuwekwa shimoni, imefunikwa na maji, kwa miezi mingi bila kuganda: iko tele, lakini haifikiwi na hewa. Tezi ya ganda ya kuku anayetweta ni shimo la namna hiyo. Kumwongezea chokaa ni kulijaza shimo huku limefunikwa. Tena kuna pigo la pili, maana damu ikiwa ya kialkali protini zake huishika kalsiamu kwa nguvu zaidi, na ile iliyo huru kwenda kwenye ganda hupungua, hata kama imejaa tele kwenye firigisi.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ulitoka Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka 1985. Odom na wenzake waliwaweka kuku weupe wa Leghorn kwenye joto kali na kuwanywesha maji yenye gesi, yale yanayotoa mapovu kama soda isiyo na sukari. Maganda ya mayai yakaimarika. Kilichotiwa kwenye maji ni hewa ukaa, wala si kalsiamu. Zamani kidogo, katika miaka ya 1940, jambo hilohilo lilijitokeza upande wa pili: kuku waliopewa salfanilamaidi, mojawapo ya dawa za mwanzo za jamii ya salfa, walitaga mayai ya ganda laini au yasiyo na ganda kabisa, kwa sababu dawa hiyo hukizuia kile kimeng'enya cha kaboniki anhidrasi. Kalsiamu ilikuwepo, mshirika wake hakutengenezwa. Kwa wazo lilelile la maji yenye gesi, baadhi ya wafugaji hutia bikaboneti ya soda kwenye maji wakati wa joto, na husaidia kiasi. Magadi ya sokoni yasichukuliwe kuwa mbadala wake, maana mara nyingi yana floridi nyingi.

Atatokea wa kupinga kwamba kuku wakati wa joto hula kidogo, na kwamba upungufu wa chakula peke yake unatosha kuelezea ganda jembamba. Ni kweli anakula kidogo, kwa sababu kumeng'enya chakula nako huzalisha joto, na kuku mwenye akili hukwepa moto wa ziada. Lakini kama hilo ndilo lingekuwa jambo zima, msomaji wetu aliyeongeza chokaa maradufu angeshapata nafuu. Kilicho sahihi katika pingamizi hilo ni suala la saa. Yai hukaa kwenye tezi ya ganda takriban saa 20, na kwa kuwa kuku wengi hutaga asubuhi, sehemu kubwa ya ganda hujengwa usiku. Kwa hiyo chakula kitolewe alfajiri na jioni, mchana wa jua kali waachwe na maji tu, na kalsiamu ipewe jioni ikiwa ya chembe kubwa, kwa mfano magamba ya chaza yaliyopondwa kidogo, ambayo hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha. Unga laini wa chokaa hupita upesi. Vifaranga na majogoo wasipewe kiasi hicho, figo zao haziwezi.

Na usiku ndipo wafugaji wengi wanapoharibu. Mchana kuku wako nje, chini ya miti, wanapata upepo. Jioni, kwa kuogopa vicheche na wezi, wanafungiwa kwenye kibanda cha tofali za saruji chenye kidirisha cha ukubwa wa kitabu. Tofali lililopigwa na jua kutwa huendelea kutoa joto hadi usiku. Kuku mmoja anayetaga hutoa joto la wati 10 hivi. Kuku 30 ni wati 300, mfululizo, katika chumba kimoja, na nje kwenyewe usiku wa Februari mjini Tanga haushuki mbali chini ya nyuzi 24. Wanatweta gizani, saa zilezile ambazo ganda linajengwa, na mwenyewe amelala akiamini kwamba joto limekwisha na magharibi.

Hapa ndipo ushauri unaosambazwa kutoka nchi kavu unapotupotosha sisi wa pwani. Kutundika magunia yaliyoloweshwa dirishani ni jambo jema Dodoma, ambako hewa ni kavu na maji hugeuka mvuke upesi. Katika hewa ya pwani iliyojaa unyevu, gunia hukauka kwa shida, na unyevu linaoutoa unamzidishia kuku taabu, kwa kuwa naye anategemea hewa hiyohiyo ipokee mvuke wa koo lake. Anachohitaji kuku wa pwani ni upepo. Upepo huondoa mvuke uliomzunguka, hupenyeza manyoya na kuchukua joto la ngozi, na kila nyuzi anayopozwa na upepo ni pumzi ambazo hatalazimika kuzitweta. Basi banda liwe refu kutoka mashariki kwenda magharibi ili jua lisipige ubavu mpana, paa liwe juu, la makuti au la bati lililofunikwa makuti, na kuta ziwe tofali mpaka usawa wa goti, kisha wavu. Wavu wa tundu ndogo wenye waya mnene haupitishi kicheche, na mwizi aliyekusudia hazuiwi na kukosekana kwa dirisha. Anazuiwa na kufuli na mbwa. Makuti huleta utitiri, hilo sikatai. Utitiri una dawa.

Wapo pia wanaosema: mbona kuku wa kienyeji wa bibi hawana shida hizi na hawajajengewa chochote? Swali zuri, na jibu lake linaunga mkono hoja. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, kwa mikupuo, kisha huatamia na mwili ukapumzika. Kuku wa kisasa wa mayai anatakiwa atoe karibu 300, yaani ganda jipya karibu kila usiku. Tena wengi wa kienyeji, wakiachiwa, hulala juu ya mwembe, mahali penye upepo kuliko popote uani. Na miongoni mwao kuna kishingo, kuku asiye na manyoya shingoni, ambaye watu humcheka sura. Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Roslin, Chuo Kikuu cha Edinburgh, walieleza jinsi anavyopatikana: badiliko moja la jeni husababisha protini iitwayo BMP12 kutengenezwa kwa wingi kwenye ngozi ya kifaranga akiwa bado ndani ya yai, na protini hiyo huzuia manyoya yasiote. Shingo huathirika kwanza kwa sababu ngozi yake huwa na asidi ya retinoiki, inayotokana na vitamini A, na asidi hiyo huifanya isikie amri ya BMP12 kuliko ngozi ya mahali pengine. Matokeo yake ni kuku mwenye manyoya pungufu kwa robo hivi akirithi jeni kutoka kwa mzazi mmoja, na hadi asilimia 40 akirithi kwa wote wawili. Shingo tupu huachia joto bila kugharimu pumzi. Kinachosemwa, kwamba hapendezi na mnunuzi humkwepa, kina ukweli kwa anayeuza kuku mzima. Kwa anayeuza mayai hakina uzito wowote, maana yai halionyeshi shingo ya mama yake.

Bila shaka ganda jembamba lina sababu nyingine pia: kuku mzee, mdondo, magonjwa ya njia ya hewa. Lakini hizo hazilazimiki kuja na kaskazi kila mwaka, na tatizo la msomaji wetu hurudi kila kaskazi likaondoka na masika. Kwa hiyo, bwana wa Tanga, fedha ya mfuko wa pili wa chokaa inunulie wavu. Bomoa safu za juu za tofali upande wa kaskazini mashariki na upande unaoukabili, ili upepo uingie huku na kutokea kule, na utafute jogoo wa kishingo umchanganye na mitetea yako. Kazi ya ukuta imalizike kabla ya Desemba.