Ukoo wa Managu

Sahani ya choma pale Kenyatta Market hubeba ukoo mzima bila mlaji kujua. Nyanya ya kachumbari, viazi na managu ya pembeni vyote ni Solanum, jenasi yenye spishi zaidi ya 1,200. Pilipili ni binamu tu. Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliiweka nyanya humo mwaka 1753, mwenzake Miller akaiondoa 1754, na ikabaki nje hadi uchunguzi wa DNA ulipoirudisha kwao mwishoni mwa karne ya 20.

Undugu unaonekana kwenye ua. Chagua fungu la managu lililochelewa kuvunwa: petali nyeupe zimekunjika nyuma, na katikati machavulio matano ya njano yamebanana. Hayapasuki ubavuni. Chavua hutoka kwenye vitundu vya nchani, kama chumvi katika kikopo cha kunyunyizia, na nekta hamna. Nyuki wa asali hana ujanja hapo. Lakini yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao hulikumbatia ua la biringanya, ndugu mwingine wa managu, akatuliza mabawa na kutetemesha misuli ya kurukia mpaka chavua immwagikie. Tega sikio, mvumo wake hubadilika ghafla.

Managu hayamngojei. Hujichavusha yenyewe, ndiyo maana hata mche mmoja kando ya mtaro huzaa. Wala si mmea mmoja, ingawa sokoni yote ni managu tu. Solanum americanum ina kromosomu 24. Villosum, yenye matunda ya rangi ya machungwa, 48. Scabrum ya majani mapana, 72. Hesabu zikitofautiana hivyo, uzao wa mchanganyiko kwa kawaida huwa tasa.

Kwa miaka mingi tuliyaita magugu huku tukipalilia kabichi. Watu kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa JKUAT wamezitetea mboga hizi kwa utafiti, lakini tishio lingine sasa ni soko lenyewe: mkulima hukata kila ua ili majani yaendelee kuchipua, na asipobakiza miche ya mbegu, aina aliyoachiwa na nyanyake inaishia sufuriani.

Matumizi? Huchemshwa, hukaangwa, huungwa kwa maziwa, huchanganywa na terere kupunguza uchungu. Matunda mabichi yaache, yana sumu.